Kutoka darasani hadi benchi la ufundi: mwongozo kamili wa kuwa mwanasaikolojia wa michezo

Klabu zetu za mpira hazijaanza leo kulipia akili ya mchezaji. Zimelipia miaka mingi, ila fedha hiyo hupita mlango wa nyuma chini ya jina ambalo kila shabiki analijua: kamati ya ufundi, ile ya mambo ya waganga. Timu inaruka ukuta badala ya kupita getini. Mchezaji anakatazwa kumpa mkono mpinzani. Kitu kinafukiwa karibu na nguzo ya goli. Sibishani hapa kuhusu nguvu ya mambo hayo. Ninachotaka mwanafunzi aone ni kwamba viongozi wanaokesha kabla ya dabi wanajua jambo moja la kweli: mchezaji mwenye hofu hachezi mpira wake. Haja ipo. Mtu aliyesomea kuitimiza ndiye adimu.

Nimeandika zaidi kwa aliyeko Tanzania, na ninagusa Kenya kila mambo yanapotofautiana. Hesabu ya muda nakupa mapema: shahada ya kwanza miaka 3 au 4, ya uzamili mwaka 1 hadi 2, kisha kazi chini ya msimamizi kwa miaka 2 hivi. Ukiongeza na kusubiri ada au ufadhili, unazungumzia miaka 8 au zaidi baada ya kidato cha sita. Ni safari ndefu, na habari njema ni kwamba sehemu kubwa yake unaweza kuitembea ukiwa tayari uwanjani.

Hatua ya kwanza: ijue kazi yenyewe

Wengi humchanganya mwanasaikolojia wa michezo na mhamasishaji. Mhamasishaji huingia chumba cha kubadilishia nguo robo saa kabla ya mechi, akapaza sauti, wachezaji wakapiga makofi, akaondoka. Mwanasaikolojia yupo mazoezini Jumanne asubuhi, siku ambayo hakuna kamera. Na mara nyingi kazi yake ni kumshusha mchezaji, wala si kumpandisha.

Kiswahili chetu cha viwanjani kina neno zuri kwa jambo hili: kukamia. Timu ndogo inaikamia Simba au Yanga, inapata kadi nyekundu dakika ya 20, na dakika ya 60 pumzi imekata. Wanasaikolojia Yerkes na Dodson waliliona hilo kwa panya maabara mwaka 1908. Msisimko ukiongezeka, ufanisi huongezeka nao mpaka kiwango fulani, halafu huporomoka, na kazi ikiwa ngumu huporomoka mapema zaidi. Ndiyo maana beki wa kuondosha mipira anaweza kucheza akiwa amechemka, lakini mpiga penati hawezi. Ukimpigia kelele za hamasa kijana aliyekwisha kukamia, unamharibia siku.

Kazi ina pande mbili, na ni lazima uzitofautishe tangu mwanzo. Upande mmoja ni wa ufanisi: umakini, kujiamini, kurudi mchezoni baada ya kosa, kurejea baada ya jeraha. Upande wa pili ni wa afya ya akili: sonona, kukosa usingizi, ulevi, ukatili nyumbani. Mwanasarakasi wa Marekani, Simone Biles, alipojiondoa katikati ya fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, baada ya kupoteza hisia ya mwili wake uko wapi hewani, dunia ilijifunza kwamba pande hizi hugusana. Kwetu Afrika Mashariki tulijifunza kwa uchungu mkubwa zaidi. Mkimbiaji wa Kenya, Agnes Tirop, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani kwa mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1. Wanariadha wenzake walianzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili wa kijinsia. Nalitaja hili kwa sababu mwanafunzi anayedhani atakuwa anafundisha wanariadha kuvuta pumzi tu hajajua atakutana na nini. Mtu anaweza kukimbia vizuri kuliko wote duniani na bado asiwe salama nyumbani kwake.

Hatua ya pili: shuleni

Hakuna tahasusi ya saikolojia ya michezo, wala huihitaji. Masomo ya sayansi yenye baiolojia yanakusaidia, na masomo ya sanaa hayakufungii njia ya saikolojia katika vyuo vingi. Soma mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa mwaka wako mwenyewe, si wa kaka yako, kwa kuwa vigezo vya kila programu hubadilika. Kenya, mfumo mpya wa sekondari ya juu una mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo na mkondo wa sayansi ya jamii. Yote miwili inaweza kukufikisha.

Somo moja usilikimbie: hisabati. Wengi huingia saikolojia wakidhani wameiacha nyuma, kisha takwimu zinawashika mwaka wa kwanza. Utafiti wote wa fani hii umeandikwa kwa lugha ya takwimu, na asiyeisoma lugha hiyo atabaki kusimuliwa na wengine.

Na cheza. Si lazima ufike UMISSETA taifa, mashindano ya shule za sekondari. Anza daftari la mchezo wako mwenyewe: nililalaje, nilifikiri nini kabla ya kuingia, nilifanya nini ndani ya sekunde kumi baada ya kukosea. Miaka miwili ya daftari hilo itakufunza mambo ambayo mhadhara hautakupa.

Hatua ya tatu: shahada ya kwanza, na mlango wa kuchagua

Milango ni miwili, saikolojia au sayansi ya michezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya namna hiyo. Saikolojia nayo hufundishwa katika vyuo kadhaa vya nchi zote mbili, mara nyingine ikiwa imefungwa pamoja na elimu au ushauri nasaha.

Ushauri wangu uko wazi: ukiweza kuchagua, chukua saikolojia, na michezo uijaze kwa njia nyingine. Sababu ni leseni. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayotaka anayefanya kazi hiyo asajiliwe. Uingereza, jina la mwanasaikolojia wa michezo na mazoezi linalindwa na sheria. Hulitumii bila kusajiliwa na HCPC, baraza la kusajili wataalamu wa afya, na njia ya kufika huko huanzia kwenye msingi wa saikolojia unaotambuliwa na chama cha wanasaikolojia cha Uingereza, BPS. Ukosefu wa michezo katika cheti unaweza kuuziba kwa kozi za ukocha. Ukosefu wa saikolojia ni pengo linalogharimu miaka.

Kama umekwisha kuingia sayansi ya michezo, usihamaki. Una faida ya kujua mwili, na bado unaweza kufanya kazi ya upande wa ufanisi. Chagua masomo yote ya saikolojia yanayoruhusiwa, kisha uzamili uelekee huko. Na ambaye alama zake za kidato cha nne au sita hazikutosha asikate tamaa na michezo: Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, Mwanza, kinaandaa walimu na makocha, na kutoka huko watu hupanda ngazi.

Kabla ya kukubali nafasi, omba orodha ya masomo ya programu. Tafuta humo takwimu na mbinu za utafiti, saikolojia ya makuzi, magonjwa ya akili, na mafunzo ya ushauri kwa vitendo. Lisilokuwemo, jua utalitafuta wapi. Mkopo wa bodi ya mikopo, HESLB kwa Tanzania au HELB kwa Kenya, uombe dirisha linapofunguliwa tu; nyaraka kama cheti cha kuzaliwa zikamilishe miezi kabla.

Hatua ya nne: ingia uwanjani mwaka wa kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi hupotea. Husubiri wahitimu ndipo waitafute timu, na wakihitimu hakuna kocha anayewajua.

Tafuta timu moja karibu na chuo: ya wilaya, ya shule, ya akademi, ya netiboli, kikundi cha wakimbiaji. Usiende ukisema unataka kuwafundisha wachezaji saikolojia. Kocha husikia, "Nimekuja kukuambia timu yako ina matatizo ya akili." Nenda kusaidia. Panga koni, beba maji, andika takwimu. Miezi miwili ya kwanza usitoe ushauri wowote. Angalia.

Uangalie nini? Angalia mchezaji anapopoteza mpira: anainamisha kichwa, anamlaumu mwenzake, au anakimbia kurudi? Angalia nani humtazama kocha baada ya kosa. Angalia benchi, hasa yule asiyeinuka goli likifungwa. Sikiliza maneno yao. "Nilitolewa mchezoni." "Mori umeshuka." "Nilipaniki." "Presha ya mashabiki." Kila neno kati ya hayo lina elimu ndani yake.

Mara yangu ya kwanza na timu ya vijana nilifika na dodoso la wasiwasi nililolitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza. Vijana walijaza kwa heshima, wote wakaweka vema mahali pamoja. Karatasi zile hazikuniambia chochote. Wiki iliyofuata nilimuuliza mmoja, tukiwa tumekaa kwenye nyasi, "Mchecheto huwa unakushika wapi?" Akajibu papo hapo: magotini. Wa pili akasema tumboni. Wa tatu alisema haumshiki mwilini, ila anaanza kumfikiria baba yake aliyekaa jukwaani. Hao watatu walihitaji msaada wa aina tatu tofauti, na ilitosha swali moja la Kiswahili cha kwao kuliona hilo.

Wakati huohuo, chukua kozi ya ukocha ya ngazi ya chini kabisa. Leseni ya CAF D inatosha kuanzia kwa mpira wa miguu. Riadha, netiboli na kikapu vina kozi zake za awali. Huichukui ili uwe kocha. Unaichukua ili kocha akizungumza usiwe mgeni.

Hatua ya tano: jifunze vitu vichache, uvijue vizuri

Vitabu vina mbinu nyingi. Anza na nne: kupumua, utaratibu wa kabla ya tendo, kujisemea, na kuweka malengo. Nichukue penati kama mfano, kwa kuwa bado tunakumbuka Agosti 22, 2025, Harambee Stars ya Kenya ilipotolewa na Madagascar robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pale Kasarani, sare ya 1-1 kisha penati 4-3.

Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, amechunguza mikwaju ya penati ya mashindano makubwa. Jambo moja aliloliona ni kwamba wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi. Mchezaji anataka mateso yaishe, basi anaharakisha. Dawa yake si kumwambia "tulia". Umewahi kumwona mtu aliyetulia kwa kuamriwa? Dawa ni kumpa kitu cha kufanya. Aweke mpira mwenyewe. Arudi hatua anazozijua, idadi ileile kila siku. Avute pumzi kwa pua, aitoe taratibu kwa mdomo, ndefu kuliko alivyoivuta. Ajisemee neno moja alilolichagua akiwa mazoezini, kama "kona ya chini". Ndipo apige. Utaratibu huo urudiwe mazoezini wakiwa wamechoka, wenzao wakizomea, mpaka mwili uujue wenyewe.

Malengo nayo yana ngazi. "Kushinda ligi" ni lengo la matokeo, na halimo mikononi mwa mchezaji peke yake. "Kufikisha krosi tatu kwa mechi" ni la kiwango. "Kuinua kichwa kabla ya kupiga krosi" ni la mchakato, na hilo ndilo la kumpa mtu anayetetemeka.

Soma pia utafiti unaokushangaza. Mwaka 2007 Michael Bar-Eli na wenzake walichapisha uchambuzi wa penati 286. Makipa walibaki katikati asilimia 6 hivi tu ya mara zote, ingawa kubaki katikati kuliwapa nafasi kubwa zaidi ya kuokoa. Kwa nini huruka? Kufungwa ukiwa umesimama kunauma kuliko kufungwa ukiwa hewani. Angalau umeonekana umejaribu. Kipa wa mtaani kwenu anajua hilo bila kulisoma. Muulize.

Hatua ya sita: mipaka

Kuna siku kocha atakuuliza, "Amekuambia nini yule?" Jibu lazima liwe limeandaliwa miezi kabla. Kaeni na kocha na uongozi mwanzoni, mkubaliane kwa maandishi: yanayosemwa na mchezaji hubaki siri, isipokuwa maisha yake au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhulumiwa. Wachezaji waambiwe hivyo pia. Ukivunja siri mara moja, hata kwa nia njema, chumba kizima kitakufungia.

Mchezaji chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi, na mazungumzo yafanyike mahali mnapoonekana, hata kama hamsikiki. Michezo ya vijana ina historia mbaya ya watu wazima waliojificha nyuma ya jina la kocha.

Mikeka ya kubashiri nayo ni mtego. Utajua nani ameumia na nani hayuko sawa kabla ya dunia kujua. Taarifa hiyo ina bei mtaani. Usiitoe, wala kwa ndugu, na wewe mwenyewe usibeti mchezo unaoufanyia kazi.

Kuhusu dua, sala na waganga: usimdharau mchezaji. Anayesoma dua kabla ya kuingia ana utaratibu unaomtuliza, na ni wake. Unachoweza kumsaidia ni asibaki mateka wa kitu kilicho nje yake, kwamba hirizi ikipotea na miguu imekwisha.

Dalili za ugonjwa wa akili usizitibu kama hukusomea. Kuwa na jina la daktari au mtaalamu wa hospitali mkononi kabla hujalihitaji.

Hatua ya saba: tasnifu, uzamili na leseni

Tasnifu ya shahada ya kwanza ichague ndogo na ya kwenu. Kwa mfano: wachezaji wa netiboli wa shule tatu huelezaje woga kwa maneno yao wenyewe? Au: dodoso moja la wasiwasi wa mashindano likitafsiriwa Kiswahili, kisha mtu mwingine asiyeliona la awali akalirudisha Kiingereza, maana inabaki ileile? Kazi ya namna hii haijajaa, na jina lako litasomwa.

Uzamili una njia tatu. Ya kwanza ni saikolojia tiba nyumbani, kama ile ya Muhimbili, inayokupa uwezo wa kushika pande zote mbili. Ya pili ni saikolojia au ushauri katika vyuo vya Nairobi, huku ukiendelea na timu. Ya tatu ni nje. Chuo cha Jyväskylä, Finland, kina uzamili wa saikolojia ya michezo na mazoezi unaofundishwa kwa Kiingereza. Uingereza zipo programu zilizoidhinishwa na BPS. Marekani, AASP, chama cha wataalamu wa saikolojia ya michezo, hutoa cheti cha mshauri wa ufanisi wa kiakili kwa mwenye uzamili au uzamivu aliyefanya saa 400 chini ya mlezi na kufaulu mtihani.

Ufadhili wa kufuatilia ni Chevening na Commonwealth za Uingereza, Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya na DAAD ya Ujerumani. Chevening hutaka angalau saa 2,800 za kazi; soma vigezo vya mwaka wako uone kazi ipi huhesabiwa, na zile siku na timu ziandikwe kwa tarehe na kusainiwa. Soma kwa makini masharti ya kurudi nyumbani baada ya masomo.

Hatua ya nane: mkate

Usitegemee tangazo la kazi lenye jina la fani hii. Wengi wanaoanza huunganisha: ushauri shuleni au kufundisha chuoni kwa mshahara, na timu jioni. Tazama pale ambapo wengine hawatazami. Waamuzi, wanaotukanwa kila wiki bila mtu wa kuwasikiliza. Wachezaji wenye goti lililopasuliwa, wanaokaa nje miezi tisa. Wanaostaafu wakiwa na miaka 33 bila kujua wao ni nani bila jezi. Kambi za wakimbiaji za Arusha na Iten. Timu za majeshi, ambazo zimebeba michezo yetu kwa miaka: Alphonce Simbu, askari wa JWTZ, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo Septemba 2025 kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu. AFCON ya 2027 imepangwa kufanyika Kenya, Tanzania na Uganda, na vyama vitahitaji watu waliokwisha kuandaliwa.

Unapopanga bei, kataa semina ya siku moja kabla ya fainali. Pendekeza msimu, au angalau miezi mitatu, kwa malipo ya mwezi, ukieleza utakuja siku zipi na utatoa ripoti gani isiyotaja siri za mtu. Ukikubali ile semina na timu ikafungwa, utakumbukwa kama mtu wa maneno. Ikishinda, sifa itakwenda kwa wengine.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii

Tuma ujumbe kama huu, ukibadilisha unachohitaji kubadilisha:

"Shikamoo mwalimu. Ninasoma saikolojia mwaka wa kwanza. Naomba kuja mazoezini siku mbili kwa wiki kwa miezi mitatu. Nitasaidia kazi yoyote ya uwanjani: koni, maji, takwimu. Sitazungumza na wachezaji mambo yao bila wewe kujua. Ninataka kujifunza. Asante, mwalimu."

Asipojibu, nenda mwenyewe ukamsalimie baada ya mazoezi, si kabla. Akikubali, siku ya kwanza fika mapema, koni zikiwa bado kwenye mfuko, na wa kwanza kumpa mkono awe mtunza vifaa. Yeye ndiye anayejua nani hakulala jana.